Panya, Kodi na Upendo: Nyanza Ilivyosoma Biblia

Miaka ya mwanzo huku Nyanza, Mkristo alijulikana kwa kitabu chake. Aliitwa jasomo, yaani msomaji, na wakiwa wengi ni josomo. Ng'ambo ya ziwa, Buganda, mambo yalikuwa vivyo hivyo: waliobatizwa waliitwa abasomi. Wapo waliowaita jonanga, watu wa nguo, kwa sababu ya shati na kaptula za misheni. Lakini jina la kusoma ndilo lililoshika. Ukienda misheni watu walisema umeenda kusoma, hata kama siku hiyo ulienda kuomba tu.

Mimi nakaa Manyatta, hapa Kisumu, na naishi kwa kuandika kazi za kuokoteza. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo neno "msomi" silitumii kujisifu. Ila hili la josomo hunijia kila Jumapili asubuhi, spika zinapoanza. Kwetu makanisa ya mabati yamebanana kama vibanda. Spika moja inahubiri kwa Dholuo, nyingine kwa Kiswahili, ya tatu kwa Kiingereza huku mkalimani akimfuata mhubiri neno kwa neno. Ukitega sikio vizuri, mahubiri mengi si ya mbinguni, ni ya huku chini: jinsi ya kuweka akiba, jinsi ya kuishi na mume mlevi, usikope ovyo, mtii bosi wako, toa fungu la kumi, lipa kodi, na mke mwema ni yule wa Mithali 31. Hekima ya kila siku, ndivyo wanavyoiita.

Sina ugomvi na hilo. Mama anayeuza omena Kondele anahitaji neno la kumvusha Jumatatu, na theolojia ya juu haitamlipia kodi ya nyumba. Ninachouliza ni hiki: nani aliisoma hiyo aya kabla haijamfikia, na alikomea wapi kwenye ukurasa? Kwa sababu historia ya Biblia kando ya ziwa hili imejaa watu walioletewa ushauri wa maisha ukiwa umeshapikwa, wakaula, halafu siku moja wakaingia jikoni wenyewe.

Tuanze na kitabu chenyewe. Reli ilifika Kisumu, enzi hizo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Mwaka 1906 Waanglikana wa CMS, wakiongozwa na J. J. Willis, walianzisha Maseno. Mwaka huo huo Waadventista wakafika Gendia, upande wa pili wa ghuba, na Arthur Carscallen, Mkanada, pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi tunayoiita Malawi leo. Shule zikaja, sabuni ikaja, sare zikaja. Biblia nzima kwa Dholuo haikuja. Kiswahili kilikuwa nayo tangu 1891 na Kiganda tangu 1896, na Waanglikana wa huku walikuwa chini ya dayosisi ya Uganda mpaka 1921. Agano Jipya kwa Dholuo lilitoka 1926. Biblia kamili, Muma Maler, ilitoka 1953. Muma ni kiapo, maler ni safi au takatifu, kwa hivyo kitabu kimeitwa jina la kiapo, na mwenye kukishika anajua hashiki gazeti.

Hebu piga hesabu. Kati ya 1926 na 1953 ni miaka 27. Kizazi kizima kilikuwa na Paulo mzima kwa lugha ya mama, lakini Ibrahimu na Yakobo na wake zao kikawapata zaidi kwa kusimuliwa, au kupitia lugha ya watu wengine. Nitalirudia hili.

Wapo ambao hawakungoja tafsiri. Johana Owalo alipitia Ukatoliki, akapitia misheni nyingine, akaonja na Uislamu, kisha akasema kwamba mwaka 1907 alionyeshwa mbingu. Mwaka 1914 alianzisha Nomiya Luo Mission. Nomiya maana yake ni "nilipewa". Lisikilize hilo jina. Mtu anasimama mbele ya wazungu wenye shule, hospitali na mashine ya kuchapia, anasema kile nilichonacho nilipewa, na nyinyi hamkuwepo.

Sasa tufike kwenye kodi.

Tarehe 23 Desemba 1921, siku mbili kabla ya Krismasi, watu walikusanyika Lundha, Gem. Walioitisha mkutano walikuwa walimu na wakristo wa kutoka Maseno, josomo wenyewe. Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti, Benjamin Owuor katibu, Simeon Nyende mweka hazina. Chama kikaitwa Young Kavirondo Association, lakini raia walikiita Piny Owacho, nchi imesema. Mwaka uliotangulia Kenya ilikuwa imegeuzwa kutoka nchi lindwa ikawa koloni, kodi ya nyumba ilikuwa imepanda, kila mwanamume alitakiwa kuvaa kipande shingoni, na kulikuwa na kambi za vibarua ambamo watu walikusanywa kupelekwa kazini, wapende wasipende. Lundha walitaka hayo yote yaondoke. Na walitaka shule ya serikali, maana misheni ilikuwa imeshika elimu yote.

Fikiria wale walimu walifundishwa nini. Warumi 13, sura inayosema mamlaka iliyopo imewekwa na Mungu na kodi ilipwe, ni sura ambayo dola lolote lingependa ifundishwe. Waliijua. Lakini walikuwa pia wamefundishwa kuandika barua, kuweka kumbukumbu za mkutano, na kuamini kwamba Mungu hana upendeleo. Ukimpa mtu hivyo vitatu kwa pamoja, usishangae akiitisha mkutano. Mwaka 1922 gavana mwenyewe, Edward Northey, alikuja kuwasikiliza Nyahera, hapo juu tu ya Kisumu. Kodi ikashuka kutoka shilingi 16 hadi 12, na zile kambi zikafungwa. Ukoloni ulibaki palepale, koloni likabaki koloni. Lakini walimu wa shule ya kanisa walikuwa wamemshusha gavana kutoka Nairobi mpaka kilimani Nyahera, miezi michache baada ya polisi kuwapiga risasi waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye mimi binafsi sijui nimpende au nimnunie: Shemasi mkuu, yaani Archdeacon, Walter Edwin Owen. Alihamishiwa Kavirondo kutoka Uganda mwaka 1918. Mwaka 1923 aliwashawishi viongozi wa Piny Owacho wakigeuze chama chao kiwe Kavirondo Taxpayers Welfare Association, chama cha ustawi wa walipa kodi, na yeye Owen akawa rais wake. Na chama kikaanza kufanya nini? Kuua panya. Sitanii. Wanachama waliahidi kuua panya, kuchimba vyoo, kupanda miti, kulala kitandani badala ya chini, kuacha ulevi. Tauni ilikuwa kitu cha kweli huku ziwani na panya ndiye aliyeibeba, kwa hivyo ushauri wenyewe haukuwa upuuzi. Ulikuwa hekima ya maisha ya kila siku kabisa, ya Kikristo, yenye faida. Choo kikichimbwa, mtoto anapona.

Lakini ona kilichopotea njiani. Walioingia Lundha wakiuliza kwa nini tunalipa hiki na kwa nini tunavaa hiki shingoni, miaka miwili baadaye wanaulizwa wameua panya wangapi. Swali liligeuzwa upande. Mwanzoni mkosaji alikuwa serikali. Sasa mkosaji ni wewe, usiye na choo. Wanahistoria wengi wamemsoma Owen hivyo, kwamba aliuzima moto wa Piny Owacho kwa maji ya baraka. Na Wakatoliki nao wakajitoa, wakaunda chama chao, hivyo hata umoja ukapasuka.

Ila ningekuwa mwongo nikimwacha Owen hapo. Huyu huyu ndiye aliyeandika barua baada ya barua kwenye magazeti ya Uingereza, akilalamikia kazi za kulazimishwa, akitetea wanawake na watoto waliotumikishwa. Walowezi walimchukia mpaka wakalichezea jina la cheo chake na kumwita "Archdemon", pepo mkuu wa Kavirondo. Kwa muda wake wa ziada alichimbachimba ardhi akitafuta mabaki ya kale. Vyungu vile vya kale ambavyo leo vinajulikana duniani kwa jina la Urewe, kijiji cha Siaya, vimo kwenye andiko la mwaka 1948 lenye jina lake pamoja na la kina Leakey, yeye akiwa alishafariki mwaka 1945. Alikuwa mtu mmoja mwenye mikono miwili. Mkono mmoja uliwaambia Wajaluo watulie wachimbe choo, mwingine ulimwandikia bwana mkubwa London kwamba anayowafanyia ni dhambi. Nikimsoma naona wazi kwamba ushauri mzuri unaweza kuwa mzuri kweli na bado ukatumika kufunika swali. Vyoo vilihitajika. Kipande nacho kilihitaji kuondoka. Mtu angeweza kuhubiri vyote viwili Jumapili moja, na Biblia ingempa aya za kutosha.

Hekima ya Biblia iliingia mpaka kwenye majina. Misheni ilikupa jina la ubatizo na ukaishi nalo. Oginga Odinga, aliyesoma na kufundisha Maseno kabla ya kuwa makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, alibatizwa Adonia. Ukifungua kitabu cha Wafalme utamkuta huyo Adonia: ni yule mtoto wa Daudi aliyejitangazia ufalme, akala karamu, halafu kiti kikaenda kwa Sulemani. Anayejua siasa za Kisumu ataniruhusu nicheke kidogo. Odinga hakucheka. Zamu ya watoto wake ilipofika, alitaka wabatizwe kwa majina ya Kijaluo, akagombana na kanisa juu yake, na majina hayo ndiyo yaliyobaki. Hoja yake mtu yeyote aliyesoma anaweza kuifuata: Yohana na Petro ni majina ya Kiyahudi yaliyozungushwa Ulaya. Kama Mungu aliwaita Wayahudi kwa majina yao na Waingereza kwa yao, Oburu na Raila wana shida gani?

Sasa nirudi kwa ile miaka 27.

Biblia kamili ilipotoka 1953, wazee walifungua Mwanzo kwa lugha yao. Wakamkuta Yakobo na wake wawili na masuria wawili, baba wa makabila 12, na hakuna mahali anapofukuzwa kwenye meza ya Bwana. Wakafika Kumbukumbu la Torati 25 wakakuta ndugu wa marehemu anatakiwa kumchukua mjane. Jamani, si hii ni tero? Kwa miaka mingi misheni ilikuwa imewanyima ushirika wanaume wenye wake wengi na kuwakemea walioshika desturi ya wajane. Mtu alipewa sheria, akaambiwa imetoka kwenye kitabu, halafu kitabu kizima kinafika mkononi na ndani yake mna mambo hayo. Sisemi kwamba tero ni njema. Nimeona wajane wa mtaa huu walivyoipitia, na wapo waliotumia Biblia hiyo hiyo kuikataa. Ninachosema ni kwamba mazungumzo hayakuweza tena kuwa ya upande mmoja.

Kitabu cha Mithali nacho kiliitwa Ngeche, jina lile lile la methali tulizokuwa nazo kabla reli haijafika. Mzee wa Kijaluo hakuhitaji kufundishwa methali inavyofanya kazi. Anajua methali husemwa na fulani kwa fulani, siku fulani, na karibu kila moja ina nyingine inayoipinga. Biblia yenyewe inalijua hilo: soma Mithali sura ya 26, aya ya 4 halafu ya 5. Moja inakukataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, inayofuata inakuamuru umjibu. Zimewekwa pua kwa pua makusudi, nadhani, ili msomaji asipate pa kujificha. Lazima uangalie aliye mbele yako ndipo uchague. Hiyo aya ya 4 na 5 sijawahi kuisikia kwenye spika yoyote ya Manyatta.

Kilichofuata 1953 kinajulikana zaidi na watu wa Kisumu kwa sababu jina lake limo kwenye ramani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho wa kiroho uliotoka Rwanda kupitia Uganda ulikuwa umeingia Nyanza. Mwaka 1938 ulikuwa Maseno. Waliookoka walitubu hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakasameheana. Mazuri mengi yalitoka humo. Lakini ikaanza pia kuulizwa nani ameoshwa na nani bado, na watu wa kanisa moja wakaacha kuaminiana. Walioshikilia damu ya Yesu kama kipimo walijulikana kama Joremo, watu wa damu. Kundi jingine, na padre Matthew Ajuoga mbele yao, likajiita Johera, watu wa upendo. Malalamiko yao yalienda pande zote mbili: kwa ndugu waliowaona wenzao wachafu, na kwa wazungu wa kanisa waliohubiri upendo bila kuwasikiliza mapadre Waafrika. Hera katika Dholuo ni neno moja linalobeba mapenzi ya mtu na mkewe, ya jirani kwa jirani na ya Mungu kwa watu. Ukishalisoma hilo kwenye waraka wa kwanza wa Yohana, huwezi kuambiwa kwamba upendo ni hisia ya moyoni tu na vikao vya uamuzi ni vya wengine.

Mwaka 1957 Ajuoga na wenzake wakatoka katika kanisa la Anglikana, na maelfu ya waumini nyuma yao. Kanisa lao, Church of Christ in Africa, likaweka makao hapa Kisumu, mahali panapoitwa Dala Hera. Boma la upendo. David Barrett, mmisionari wa CMS aliyefanya kazi Nyanza na kuliona hili kwa macho, aliondoka akahesabu makundi ya namna hii Afrika nzima, akafika 6,000, na kitabu chake cha 1968 kikasema kwamba tafsiri ya Biblia kwa lugha ya watu ni mojawapo ya mambo makubwa yaliyoyazaa. Watu walilinganisha walichosoma na walichofanyiwa.

Kwa hivyo mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipofika na kodi zake, na mimi nikasikia vijana wakiambiwa kanisani wakumbuke Warumi 13, nilijua hilo swali ni la zamani hapa kuliko bibi zetu wengi. Juni hiyo vijana Wakenya walianzisha kampeni mitandaoni kutaka wanasiasa na bahasha zao watolewe madhabahuni. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bunge, watu wakauawa, na siku iliyofuata rais akasema hatausaini mswada. Kisumu nayo iliandamana. Wapo wachungaji waliosimama na vijana, na wapo waliorudia aya ya kwanza mpaka ya saba, kama ilivyo kawaida.

Miezi kadhaa baadaye, kikundi chetu cha vijana hapa mtaani kilikuwa kinasoma sura hiyo, jioni, kwenye ukumbi wa kukodi. Kiongozi alifika aya ya saba, ile ya kumlipa kila mtu haki yake, kodi kwa wa kodi, na kama nilivyotarajia akafunga kitabu akaomba mtu atuongoze kwa maombi. Msichana mmoja, anayekaanga viazi karibu na barabara, akasema sura haijaisha. Kiongozi akasema muda umeisha. Msichana akasema aya ya nane ndiyo inayoanza habari ya upendo, kwamba hilo ndilo deni lililobaki, na ni Paulo yule yule, kalamu ile ile, hajapumua hata kidogo. Akaisoma kwa Dholuo, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ikafika hera. Mtu wa nyuma akauliza kama serikali nayo inadaiwa hilo deni au ni sisi tu. Tukabishana mpaka saa tatu usiku, mwenye ukumbi akaja kudai funguo, na choo cha ploti kikawa kimeshafungwa.